Kyoto kwa siku moja? Mhariri, mmemuonea shangazi yangu

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Osaka. Naandika kuhusu ile makala yenu ya safari iliyosema mtu anaweza kuimaliza Kyoto kwa siku moja, sehemu tisa, "bila haraka wala kuchoka". Shangazi yangu aliikata kwa mkasi, akaikunja mara nne, akaja nayo mpaka Japan ndani ya pochi, pale pale anapoweka pasipoti. Mimi huu ni mwaka wa sita naishi huku na kutoka kwangu mpaka Kyoto ni kama nusu saa tu kwa treni, kwa hiyo alivyoifungua ile karatasi sebuleni nikaisoma nikajua kabisa hapa pana kazi, ila shangazi ni shangazi bana, nikimwambia shangazi hizi sehemu ziko mbalimbali ananijibu mwanangu, gazeti haliwezi kuandika tu kitu cha kujitungia. Basi kesho yake tukaenda, na ndo maana leo nawaandikia.

Kwanza ramani, sijui mwandishi wenu aliiangalia? Fushimi Inari iko kusini mashariki, Kinkaku-ji iko kaskazini magharibi, Ginkaku-ji kaskazini mashariki, na Arashiyama kwenye mianzi ni huko magharibi kabisa mji unapogusa milima. Yaani mmewapeleka watu kona zote nne za mji wenye watu karibu milioni moja na nusu, tena kwa basi, maana treni za chini ya ardhi Kyoto ziko laini mbili tu na hakuna hata moja inayofika Kinkaku-ji. Na sisi tulienda Novemba, wakati majani ya momiji yamegeuka mekundu na unaweza kudhani nusu ya Japan imehamia hapo, basi linakuja limejaa linapita, la pili limejaa linapita. Afu ratiba yenu imeweka kasri la Nijo saa 11 na nusu jioni. Mhariri, Nijo mwisho wa kuingia ni saa 10 jioni! Mahekalu mengi nayo yanafunga saa 11. Sasa huyo msomaji wenu anaingia kwa mlango upi?

Tulianza Fushimi Inari saa 1 asubuhi na hapo nawapongeza, pale mmesema kweli, ni bure na hapafungwi usiku wala mchana, na asubuhi ile kuna baridi kidogo na watu wachache, milango myekundu ya torii imepangwa moja baada ya nyingine mpaka inakuwa kama handaki linalopanda mlimani. Ukiwa unapanda unaona wekundu mtupu, ila geuka nyuma uone, kila nguzo ina maandishi meusi. Shangazi akaniuliza ni maombi? Nikamwambia hapana, ni jina la mtu au kampuni iliyotoa mchango na tarehe ya kuusimamisha, maana Inari ni mungu wa mpunga na biashara na wafanyabiashara wamekuwa wakitoa milango hiyo kwa muda mrefu sana. Akacheka akasema kumbe hata huku wafadhili wanapenda jina lao lionekane.

Juu kidogo, nyuma ya ile milango midogo iliyobanana, kuna jiwe la mviringo juu ya taa ya mawe, unaweka nia yako moyoni afu unalinyanyua, likiwa jepesi kuliko ulivyodhani basi jambo lako litakuwa, likiwa zito subiri. Shangazi akalishika, akalinyanyua kidogo, akalirudisha taratibu, hakusema kitu. Nikamuuliza vipi, akanijibu twende. Kufika kileleni tungehitaji kama saa mbili kwenda na kurudi, mlima wenyewe ni mita 233 na ngazi hazina huruma, na goti lake la kulia halijakaa sawa tangu mwaka juzi, kwa hiyo tukashuka. Makala yenu haikugusia ngazi hata kidogo. Kwa mtu mwenye goti bovu hiyo ndo habari ya kwanza anayotaka kuisoma!

Sasa hapa kuna jambo limeniuma zaidi, la lugha. Mmeandika "mahekalu" kwa kila kitu. Fushimi Inari siyo hekalu la Kibudha, ni jinja, sehemu ya ibada ya Shinto, dini ya asili ya Wajapani, na Kiyomizu-dera ndo hekalu la Kibudha, ni dini mbili japo Wajapani wengi wanaenda kote kote bila shida yoyote. Kulijua si kazi, ukiona torii mlangoni hapo ni jinja, ukiona jina linaishia na ji au dera hapo ni hekalu. Na kuna tofauti ya kufanya pia: kwenye jinja unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena mara moja. Kwenye hekalu hakuna makofi, unaunganisha mikono kimya kimya basi. Makala yenu imesema "kwenye mahekalu ya Kyoto piga makofi mawili". Basi shangazi yangu, mtu mzima, mtu wa heshima zake, akasimama mbele kabisa ndani ya Kiyomizu-dera akapiga makofi mawili ya nguvu mpaka watu wakageuka, na mzee mmoja wa Kijapani pembeni yetu akajifanya anatazama dari. Nilitamani sakafu inimeze.

Na sakafu yenyewe siyo ya mchezo. Lile jukwaa la mbao limetoka nje ya mlima likasimama juu ya nguzo ndefu, urefu wa mita 13 kutoka chini, na nguzo zimeshikana kwa mbao zilizopitishwa ndani ya mbao nyingine, bila misumari. Hekalu lilianzishwa mwaka 778 lakini jengo la sasa ni la 1633. Wajapani wana msemo, "kuruka kutoka jukwaa la Kiyomizu", maana yake kuamua jambo kubwa ukajitosa, na zamani watu waliruka kweli wakiamini ukipona ombi lako limepokelewa, kumbukumbu za hekalu zinaonyesha 234 na wengi wao walipona sababu chini kulikuwa na miti, mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 1872. Nilimsimulia shangazi pale pale kwenye kingo, akarudi nyuma hatua mbili.

Chini yake kuna maji ya Otowa, yanaanguka mifereji mitatu, watu wanapanga foleni na vikombe vyenye mpini mrefu ambavyo vinawekwa ndani ya kisanduku chenye mwanga wa kuua vijidudu. Unachagua mmoja unakunywa, ukinywa yote mitatu unaonekana mlafi. Nilitaka kumweleza hivyo ila alishakunywa miwili.

Kutoka hapo tukateremka mpaka Sanjusangen-do, ambayo makala yenu imeipa dakika 15. Mhariri, naomba uisome hii sehemu vizuri. Ni ukumbi mmoja mrefu wa mbao, kama mita 120, ulijengwa upya mwaka 1266 baada ya ule wa kwanza kuungua, na ndani yake kuna sanamu 1,001 za Kannon, yule wa huruma katika Ubudha, moja kubwa imekaa katikati na 1,000 zimesimama kwa safu kama wanakwaya, dhahabu imefifia, kila moja na mikono yake mingi. Unavua viatu mlangoni (na hapa niwaonye wasomaji, vaeni soksi nzima, yangu ilikuwa imetoboka kwenye dole gumba na siku nzima dole lilikuwa linachungulia dunia) afu unatembea kwenye sakafu ya baridi, hakuna picha, hakuna kelele. Watu husema ukiangalia zile sura vizuri utamkuta yule unayetamani kumuona. Nilimwambia hivyo kama utani tu, kupoteza muda.

Akaanza kutembea polepole. Mimi naangalia saa, naangalia karatasi yenu, Ginkaku-ji inasubiri. Alipofika kama theluthi ya ukumbi akasimama, akasogea karibu na kile kizuizi, akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza. Safu ya tatu au ya nne hivi. Nikamfuata nikamuuliza umeona nini, akasema "yule pale, wa pili kutoka kwenye nguzo, huyo ni bibi yako alivyokuwa akikasirika". Nikaangalia. Mhariri, sikumwona bibi, niliona sanamu tu kama zingine, ila nilimwona shangazi, na nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Tulikaa humo karibu saa nzima.

Kwa hiyo Ginkaku-ji tulifika mchana tumechelewa, na hapo ndo penye kosa lingine la makala. Mmeandika "hekalu lililofunikwa kwa fedha linalong'aa juani". Halijafunikwa na fedha! Ni jina tu. Shogun (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimasa alilijenga karne ya 15 kama nyumba yake ya kupumzikia, jina la fedha likaja baadaye watu wakililinganisha na Kinkaku-ji, lile la dhahabu la babu yake, na fedha haijawahi kubandikwa. Ni nyumba ya mbao ya kahawia iliyokolea, imezeeka vizuri. Shangazi alizunguka akaangalia upande wa pili labda fedha iko huko. Akasema "wameshaing'oa?"

Kilichookoa hali ni bustani. Kuna mchanga mweupe umechanwa kwa reki mistari mistari kama bahari iliyotulia, na kando yake kichuguu cha mchanga kilichokatwa juu kikawa bapa, kimesimama tu hivyo hivyo, mvua inanyesha wanakitengeneza tena. Na ukipanda kwa nyuma kuna koke, yale majani mafupi laini ya kijani yanayoota kwenye unyevu, yamefunika ardhi yote kama zulia. Palikuwa na mama mmoja mtunza bustani amepiga magoti juu ya kipande cha gunia, ana kifagio kidogo kama cha kufagilia meza, anafagia majani ya momiji yaliyoanguka juu ya koke, ila hafagii kwa kuvuta, anayapepea. Jani likigoma analichukua kwa vidole viwili. Shangazi alimwangalia muda mrefu akaniuliza anafanya hivi kila siku? Nikamwambia msimu huu ndiyo, akimaliza hapa atarudi alikoanzia maana majani mengine yameshaanguka. Akasema basi huyu mama anajua kazi kuliko sisi sote. Ukiona hilo ndo unaelewa kwa nini kuna njia ya kupita na kamba, na kwa nini watu wanakasirika mtalii akiruka kamba kwa ajili ya selfi. Lile zulia limechukua miaka, kisigino ni sekunde moja.

Na habari za hela, makala imesema viingilio ni "vya bure au vidogo sana". Vidogo sawa, tulikuwa tunalipa kama yeni 500 au 600 kila hekalu tuliloingia, ila ukizidisha kwa sehemu tisa na watu wawili siyo kidogo tena, na bebeni sarafu maana sehemu nyingine hawataki kadi. Tena hizi habari za hela na mahekalu ya Kyoto zina historia yake, mwaka 1985 halmashauri ya mji iliweka kodi juu ya viingilio na mahekalu makubwa yakagoma, yakafunga milango kabisa watalii wakabaki nje, na kodi yenyewe ikafutwa 1988. Siku hizi mji unachukua kodi kwa mtu anayelala hotelini badala yake. Na mtaa wa Gion jioni, kule kwenye vichochoro vya watu binafsi, kuna mabango yanasema usiingie, faini yeni 10,000, sababu watalii walikuwa wanawakimbiza maiko, wale wanafunzi wa geisha, na kamera kama wanakimbiza kuku. Mmewaandikia watu "wawinde geisha kwa picha nzuri". Wawinde? Jamani.

Tulifika Ryoan-ji saa 10 na dakika kama 15 jioni. Hii ilikuwa namba sita kwenye orodha, dakika 10, afu mbio Kinkaku-ji ambayo iko jirani kabla hawajafunga. Unavua viatu tena (dole tena), unafika kwenye baraza refu la mbao, na mbele yako kuna uwanja wa changarawe nyeupe wa mita 25 kwa 10 hivi, ukuta mfupi wa udongo kwa nyuma, na mawe 15 yamewekwa makundi matano. Hakuna maua, hakuna maji, hakuna mti ndani. Watu wamekaa barazani kama wanasubiri mtu. Kijana mmoja alikuja akapiga picha akaondoka, nahesabu hata dakika hakumaliza.

Shangazi akakaa. Akanyoosha goti. Nikamwambia shangazi ujaribu kuhesabu mawe. Akahesabu 14. Akasogea kwa makalio kidogo kushoto, 14. Akasogea kulia, akampisha dada mmoja, 14 tena, ila safari hii lililokuwa limejificha limetokea na lingine limepotea. Ndivyo ilivyopangwa, ukikaa hapo barazani popote pale jiwe moja linabaki nyuma ya lingine. Nikamwambia haya twende, Kinkaku-ji wanafunga. Akanijibu bila kunitazama: "Nenda wewe mwanangu. Mi bado nahesabu."

Sikwenda. Nikakaa naye. Kivuli kikawa kinatambaa juu ya changarawe na ile mistari ya reki ambayo mwanzoni sikuiona ikaanza kuonekana, maana jua lilikuwa linaiangukia kwa ubavu, na ule ukuta niliodhani mchafu nikaona una rangi za ajabu, kutu na moshi na asali, wanasema udongo wake ulichanganywa na mafuta na ndo yanajitokeza taratibu miaka yote hii. Hivi vyote havionekani kwa dakika 10. Hizi bustani zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Sasa nyie mnawatuma watu waliosimama, tena wenye saa mkononi!

Wakati wa kutoka, ndani hapo kuna kimfano kidogo cha bustani nzima kwa ajili ya wasioona, unakigusa kwa mkono. Shangazi alifumba macho akapitisha kidole, moja, mbili, tatu, mpaka 15. Akafumbua macho amefurahi kama mtoto. Akasema kumbe asiyeona ndo anayaona yote.

Kinkaku-ji tulienda kesho yake saa 3 asubuhi, peke yake, bila ratiba, na tiketi yake nzuri jamani, ni karatasi ya baraka yenye maandishi ya brashi, shangazi kaiweka kwenye pochi mahali ilipokuwa makala yenu. Pale nako mrekebishe: siyo jengo "lenye zaidi ya miaka 600". Ashikaga Yoshimitsu alianza kupajenga mwaka 1397, hiyo kweli, lakini jumba la dhahabu lenyewe lilichomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950 na hili tunaloliona lilikamilika 1955. Na wala siyo aibu kuandika hivyo, Kyoto yote imeungua mara nyingi, vita vya Onin peke yake kuanzia 1467 mpaka 1477 vilifuta sehemu kubwa ya mji, wanajenga tena. Hata mwaka 1945 mji ulikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki, waziri wa vita wa Marekani Henry Stimson akaagiza uondolewe. Hayo ndo mambo ya kumwambia msomaji.

Mkitaka ushauri wangu, andikeni sehemu mbili kwa siku, tatu kama magoti ni mazima, na zote ziwe upande mmoja wa mji. Siku ya mashariki, Kiyomizu-dera na Sanjusangen-do. Siku ya kaskazini magharibi, Ryoan-ji na Kinkaku-ji, unatembea tu kwa mguu kutoka moja mpaka nyingine. Siku ya Arashiyama na bustani ya Tenryu-ji, ile ambayo mtawa Muso Soseki aliipanga ili mlima wa nyuma uonekane kama ni sehemu ya bustani. Na anayetaka Saiho-ji, hekalu la koke, aombe nafasi mapema, siyo kutokea tu mlangoni. Zile sehemu zingine atazikuta akirudi, na asiporudi siyo mwisho wa dunia.

Shangazi amesharudi nyumbani salama na anawasalimia, hana kinyongo. Ila ile habari ya fedha ya Ginkaku-ji naomba muirekebishe wiki hii hii, maana kabla ya safari aliwasomea makala yenu wenzake wote wa kanisani, na sasa wanamdai picha ya hekalu la fedha na yeye ana picha ya mama anayefagia majani.

Ni mimi msomaji wenu,
Osaka, Japan